Sifuri ya Mzee Wangu

Mume wangu akiumwa, wa kwanza kujua ni ng'ombe. Niligundua hivyo tukiwa tumeoana miaka mingi, watoto wameshatoka nyumbani, asubuhi moja nilipompelekea chai zizini. Nilimkuta ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe wetu wa maziwa, anaugulia. "Uuui," anamwambia ng'ombe, "uuui, mguu wangu." Ng'ombe anatafuna tu. Nilipokohoa, mzee aligeuka, uso umenyooka kabisa, akaniuliza kama hiyo chai ina tangawizi.

Mimi ni mtu wa Embu. Ndoa ndiyo iliyonileta huku juu Kiirua, kwenye baridi na viazi. Sisemi kwamba wanaume wa Meru wote wako hivyo, maana bado ninaishi nao na ningependa kuendelea kusalimiwa sokoni. Nasema huyu wangu. Huyu wangu angeweza kukatwa kichwa akakwambia ni shingo tu inawasha.

Kazi yake ilikuwa kuendesha kombaini kwenye shamba kubwa la ngano kule Timau. Miaka kadhaa kabla ya hayo ninayosimulia, asubuhi ya sakitu, umande umeganda, aliteleza kwenye ngazi ya ile mashine, kifundo cha mguu wa kushoto kikavunjika. Waliuunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu, ukapona, akarudi kazini. Lakini baridi ya Timau na chuma si marafiki. Mwaka baada ya mwaka mguu ukawa mzito, na ule mguu ndio wa klachi. Nilimwona jinsi alivyoshuka kutoka kwenye mashine kinyumenyume, kitako kwanza, na jinsi alivyovua kiatu akiwa amefunga macho. Nikimuuliza ananiambia, "Ni viatu vipya." Viatu vyenyewe tulikuwa tumevinunua kabla ya kitinda mimba wetu kuingia sekondari.

Mwishowe meneja wa shamba, ambaye hakuwa na muda wa kuzungumza na ng'ombe, alimwambia waziwazi: ngano inakaribia kuiva, tengeneza huo mguu au nitafute dereva mwingine. Hapo mzee alishtuka. Ule mguu ndio uliotulisha. Na mimi nilishtuka zaidi, kwa sababu mume wangu bila kombaini ni mwanamume wa kukaa nyumbani kutwa akinifundisha kupika.

Basi tukaenda hospitali moja Meru mjini. Daktari wa mifupa alitazama picha akasema mfupa ulishapona zamani, vile vyuma sasa ni wageni waliokawia kuondoka, vitolewe. Akasema ni operesheni ndogo, unakuja asubuhi na jioni unalala kwako. Nilipowaeleza majirani hivyo walicheka. "Operesheni ya kwenda na kurudi? Kama mtu anapeleka mahindi kusagwa?"

Kabla ya kutupa siku, tulipelekwa kwa muuguzi atujazie maelezo. Alikuwa kijana wa kiume, ndevu zake bado zinajadiliana kama zitoke au zisitoke. Alipotusalimia nilijua mara moja ni mtu wa kwetu Embu, nikafurahi, tukasemezana kidogo kwa lugha yetu huku mzee akitutazama kama watu wanaopanga njama. Kisha yule kijana akanyoosha kidole ukutani, palipobandikwa picha ya nyuso, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia.

"Baba, maumivu tunayapima kutoka sifuri hadi kumi. Sifuri ni kwamba huumwi hata kidogo. Kumi ni maumivu ambayo hujawahi kuyaona. Mguu wako uko wapi leo?"

"Sifuri," mume wangu akasema.

"Sifuri?"

"Kwani sijasema?"

Kijana alitazama faili, akautazama mguu, akanitazama mimi. "Sasa baba, kama ni sifuri, sisi tunapasua nini?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Mzee hakucheka. Aliniangalia kwa lile jicho la mume anayesubiri mfike nje. Na tulipofika nje alinieleza kosa langu na la yule kijana kwa pamoja. "Yule ametahiriwa juzi tu. Mtoto kama yule nimwambie mimi nimeumia? Akienda kusimulia?"

"Akamsimulie nani? Yeye ni muuguzi wa Embu na wewe ni dereva wa Timau!"

"Maneno yana miguu," akasema, na yeye mwenyewe akachechemea kuelekea stendi.

Hapa lazima nieleze, ingawa sisi wanawake hatutakiwi kuyajua mambo haya. Tunayajua yote. Huku, mvulana akienda jandoni anasimama mbele ya kisu na hapepesi jicho. Akipepesa, kijiji chote kitajua kabla jua halijapanda, na hakitasahau. Hapa kwetu yuko mzee mmoja wa kanisa, ana wajukuu, ana shamba zuri la vitunguu, mtu wa heshima kabisa. Inasemekana siku yake alitikisa bega. Bega tu! Mpaka leo akisimama kuongea mkutanoni, lazima mtu mmoja akohoe. Mume wangu ameishi maisha yake yote akihakikisha hakuna atakayemkoholea.

Jioni ya kuamkia operesheni, wenzake wa rika, waliosimama naye jandoni, wakaja kumuaga. Walijaa sebuleni, wakala nyama mapema ili mgonjwa naye apate, kwa kuwa tulikuwa tumeagizwa asile wala asinywe chochote baada ya hapo. Msemaji wao mkuu alikuwa mwenzake mmoja wa Kianjai, mfanyabiashara wa miraa, mtu wa pikapu moja na maneno ya kujaza malori. Huyo ndiye angetupeleka hospitali. Alisimama, akapanguza mafuta mdomoni, akasema, "Ndugu yetu, kesho ulale pale kama ulivyosimama siku ile."

"Siku ile alikuwa kijana," nikasema kutoka jikoni. "Sasa ana presha."

Wakaendelea kutafuna. Mwanamke akiongea mambo ya kisu huku, ni upepo umepiga mlango.

Kesho yake alivuliwa nguo zote akapewa gauni la kijani lililo wazi nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido. Nilimwona akitoka pale chumbani huku mgongo ameubandika ukutani, anasogea pembeni kama kaa, mkono mmoja nyuma umeshika kitambaa. Mwuza miraa wetu alikuwa amekaa kando yangu. Hapo, na hapo tu, ndipo nilipoona uso wa mume wangu umekiri kwamba kuna mateso duniani. Yule kijana wa Embu alimfuata na shuka, akamfunika, Mungu ambariki.

Walimdunga sindano ya mgongo, akafa ganzi kuanzia kiunoni huku macho yake yako wazi. Baadaye habari ya operesheni nzima niliisikia mara nyingi kuliko Injili. Alisikia bisibisi. Alisikia skrubu moja imegoma, daktari akaomba bisibisi kubwa zaidi. Alimshauri daktari aitie mafuta kwanza. Na walipomaliza aliomba vyuma vyake, wakamwoshea, wakamtilia kwenye kichupa cha plastiki. Alitoka mle ndani amelala kwenye kitanda cha magurudumu anatikisa kile kichupa, kacha kacha, anatabasamu. Mguu wenyewe ulikuwa bado umekufa ganzi, kwa hiyo ile ndiyo siku pekee ambayo sifuri yake ilikuwa ya kweli.

Muuguzi alitukalisha kutupa masharti. Mguu ulale juu ya mito. Asiukanyagie mpaka aambiwe. Dawa ni za aina mbili: nyeupe ni za maumivu, nyekundu ni za kuzuia usaha, na hizi nyekundu amalize zote hata akijisikia mzima. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, mwili ukipata joto, vidole vikivimba, turudi mara moja bila kungoja. Yeye mwenyewe angetupigia simu kuuliza hali. Mimi ndiye niliyesikiliza. Mwenye mguu alikuwa anatikisa kichupa.

"Dawa nitameza mwenyewe," akaniambia tulipofika nyumbani, akazichukua mkononi mwangu. "Mimi si mtoto wa kulishwa vidonge." Nilikuwa na ng'ombe wa kukamua, viazi vya kupalilia, kuni, maji, na nyumba nzima ya wageni. Nikamwachia.

Wageni, jamani! Wenzake walikuja wakaketi kumzunguka wakaamua kwamba mtu aliyepita kisuni ni ntaane, yaani mtahiriwa aliye faraghani, na ntaane hulishwa mpaka anenepe. Nani alimlisha? Wao walileta midomo. Mimi nilichemsha supu ya mifupa, nikapika mukimo, nikakoroga uji, nikaosha vikombe, nikarudia. Mwuza miraa akaleta fungu lililofunikwa kwa majani ya mgomba, eti limtoe usingizi asilale na maumivu. Nilimuuliza ni maumivu gani, si mmesema hayapo? Akasema, "Mama, wewe ni wa Embu, hutaelewa." Kichupa kilizunguka mkono kwa mkono. Mmoja aliuma skrubu kuona kama ni chuma kweli.

Kisha wakaja kina mama wa kanisa, na unga na sukari na nyimbo. Mwenyekiti wao ni mwanamke aliyejaliwa mwili na sauti. Alikaa kitandani, akaweka kiganja chake juu ya bandeji, akaanza kuomba. Alimwombea daktari, akaombea ngano, akaiombea serikali, na kila alipotaja jina la Bwana alibonyeza. Nilifumbua jicho moja. Mume wangu alikuwa ameuma mdomo wa chini, jasho linatiririka mpaka masikioni. Alipoulizwa anaendeleaje, alisema, "Bwana asifiwe, sina shida." Yule mama akatikisa kichwa kwa furaha, akatukumbusha kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kwamba mzee wetu ni mfano wa mtu asiyeficha. Halafu akaomba chai.

Simu ya muuguzi ikaja. "Baba, leo uko wapi? Sifuri hadi kumi?"

"Sifuri."

Akapiga tena baadaye. "Sifuri." Yule kijana, maskini, akampongeza. Akasema katika wagonjwa wake wote hakuna anayeendelea vizuri hivi. Basi mzee aliirudia pongezi hiyo kwa kila aliyekanyaga mlango wetu, na nilianza kuona kwamba anaisema huku meno yamegusana. Nilipotaka kuangalia bandeji alisema imesemwa isiguswe. Nilipomgusa shavu likanichoma, akasema ni supu yangu ya moto. Usiku alikuwa analala amegeukia ukuta, na ukutani hakuna mtu.

Asubuhi moja ilinyesha mvua kubwa, zizi likawa tope tupu. Gambuti zangu zilikuwa zimepasuka, nikachukua zake pale nyuma ya mlango wa chumba. Nikaingiza mguu wa kwanza, sawa. Nikaingiza wa pili, nikakanyaga changarawe. Nikavua, nikakung'uta. Vikaanguka vidonge kwenye sakafu, vyeupe na vyekundu, vyekundu na vyeupe, karibu vyote alivyopewa. Nilisimama pale na gambuti moja mkononi, na nawaambia kweli, kama asingekuwa mgonjwa ningempiga nayo.

"Hizi ni nini?"

Akaziangalia kama mtu anayetambulishwa kwa wageni. "Ni dawa za maumivu. Mimi sina maumivu. Nimeze za nini?"

"Nyekundu si za maumivu! Nyekundu ni za usaha!"

"Usaha uko wapi?"

Nilifunua blanketi, nikaanza kuifungua ile bandeji mwenyewe, na kabla sijafika mwisho harufu ikanifikia. Ngai! Vidole vimevimba vinang'aa, kifundo chekundu, ngozi imevutika, na pale penye mshono panatoka kitu ambacho sitakieleza, huenda mtu anasoma huku anakula. Mume wangu alikuwa anatetemeka mwili mzima, lakini mdomo wake umefungwa kama lango la shule wakati wa likizo.

Niliogopa. Kucheka kote nilikowahi kumcheka kukaniishia mwilini. Niliuona ule mguu haupo, nikaiona kombaini inapita barabarani na mtu mwingine juu yake, na mzee wangu amekaa uani na suruali imekunjwa upande mmoja, anawaambia watu haumwi.

Simu ikalia hapohapo. Aliidaka haraka kuliko mimi. "Ndiyo, kijana. Mguu? Sif..."

Nilimpokonya. "Tisa!" nikapiga kelele. "Ni tisa, mwanangu, na inanuka!"

Upande wa pili kijana akauliza, "Mama, ni wewe unayeumwa?"

"Mimi ndiye mwenye mgonjwa! Anatetemeka, ana joto, dawa amezilisha gambuti!"

"Mleteni sasa hivi," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mtoto.

Nilipokata simu mzee alikuwa ananitazama kwa uchungu mkubwa, na haukuwa uchungu wa mguu. "Unaniaibisha," akasema. "Kwa mtoto wa Embu. Unaniaibisha."

Hapo nikalipuka. Yaliyokuwa yamekaa kifuani tangu nilipoolewa yalitoka yote. "Wewe ulikatwa mara moja!" nikamwambia. "Mara moja, ukaimbiwa na kijiji kizima, ukachinjiwa, na mpaka leo tunakaa matanga ya kile kisu. Mimi nimezaa watoto wako wote, na mama yako amesimama mlangoni ananiambia nisipige kelele, watu wanapita njiani. Nani aliniimbia mimi? Nani alikuja na pikapu? Kwanza mtoto wako mkubwa alipozaliwa ulikuwa wapi? Ulikuwa Timau! Sasa utaenda hospitali, na ukifika utasema namba, na ukikataa kusema nitakusemea mimi mbele ya hao wazee wako wote, na nitaongeza na habari za ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Unamjua."

Ng'ombe ndiye aliyemmaliza.

Mwuza miraa akaja na pikapu, akambeba mgongoni kutoka kitandani mpaka kwenye gari, njiani anamsifu jinsi asivyolia. Nilikaa nyuma nimeushika ule mguu mapajani, kila shimo la barabara nikilisikia kupitia mwili wake. Hakutoa hata sauti. Nilimchukia na nilimhurumia, na nilikuwa naomba kwa Mungu yule yule aliyeombwa na mwenyekiti, lakini bila kubonyeza.

Kijana wa Embu alikuwa anatungoja mlangoni. Tuliingia kile chumba cha picha ya nyuso, sote wanne. Akatoa bandeji niliyokuwa nimeifunga ovyo, akatazama, akavuta pumzi. Hakugomba. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mzee, kama mtoto anayetumwa, akauliza tena polepole, "Baba. Sifuri hadi kumi."

Mume wangu akamtazama mwenzake wa Kianjai. "Nenda ukaangalie gari."

"Gari liko salama."

"Wataiba betri. Nenda!"

Akatoka. Mzee akanitazama mimi. Mimi sikutoka. Nilikuwa nimeubeba huo mguu tangu Kiirua na nilikuwa na haki ya kusikia bei yake. Akageuza uso ukutani, akautazama ule wa mwisho kwenye picha, unaolia.

"Nane," akasema. Kisha, "Tisa." Kisha ikatoka ile sauti niliyoijua kutoka zizini, uuui, lakini sasa hakuna ubavu wa kuizuia, ikajaa chumba. Alilia kama mtu aliyekuwa ameweka kilio akiba. Yule kijana alimshika mkono wa kulia, nami nilimshika kichwa, nikakiegemeza hapa tumboni kwangu palipokuwa na aproni yenye samadi. Sikuwa na la kumcheka.

Safari hii hakukuwa na kwenda na kurudi. Walimpeleka chumba cha upasuaji, wakafungua, wakaosha, wakamlaza wodini na dripu. Daktari aliniita pembeni akaniambia mfupa bado haujaguswa, lakini ungeguswa. Alinionyesha kwenye mguu wake mwenyewe mahali ambapo tungekuwa tunajadiliana kukata, kisha akapandisha mkono juu zaidi, akaacha.

Nje nilimkuta mwuza miraa ameegemea pikapu, betri yake iko palepale. Akanisogelea, akashusha sauti. "Mama, nilisikia kama mtu. Alilia?"

Nilimtazama. Nilifikiria yule mzee wa kanisa na bega lake. "Yeye?" nikasema. "Hata jicho hakupepesa. Alikuwa mgonjwa wa kitanda cha pili."

Akapumua kwa raha, akanipa mkono.

Ngano ya mwaka ule ilivunwa na dereva mwingine. Mzee alikuwa ameshaanza kutembea kwa magongo, akawa anapelekwa kando ya barabara ya Timau kumkosoa. Yule dereva mpya alikata kona vibaya, aliacha mistari, alibadilisha gia kama mtu anayevunja kuni. Msimu uliofuata meneja alimpandisha kwenye mashine amjaribu. Akakanyaga klachi mbele yetu sote, taratibu, mpaka chini, akaiachia. Mashine ikaondoka bila kushtuka. Niliangalia upande wa mlima ili watu wasinione.

Lakini sasa nilikuwa nimejiletea balaa jingine nyumbani. Mume wangu alikuwa amegundua namba, na alizipenda. Jino ni nne. Mgongo leo ni tatu, jana ilikuwa tatu na nusu. Chai bila sukari, mbili. Watu wakija anawauliza wao pia, na kuna mwenzake mmoja wa rika alijibu kwa aibu "sita" kuhusu nyonga yake, mbele ya wote, na hakuna aliyekohoa. Vyuma vimekaa juu ya kabati la vyombo, ndani ya kichupa chao.

Mimi nilikuwa nabinua mdomo tu. Kumbe ule wakati wote wa maji, kuni, viazi na supu, goti langu la kulia lilikuwa limeshaharibika. Siku moja katika siku zile niliteleza zizini nikiwa nimevaa gambuti zake zinazonipwaya, goti likalia ndani kwa ndani, nikainuka nikaendelea kukamua. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mama yangu kule Embu alitufundisha kwamba mwanamke akiungua anapuliza kidole, anageuza chapati. Nikawa napuliza. Nikawa napanda ngazi za kanisa kwa upande, nasema ni viatu.

Ikafika asubuhi moja ya baridi. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kigoda cha kukamulia, nimejaribu kuinuka mara ya kwanza nikashindwa, nimejaribu tena nikashindwa. Nikaegemeza paji la uso pale kwenye ubavu, pana joto zuri pale, nikamwambia ng'ombe maneno mawili matatu. Yeye anatafuna. Niliposikia kikohozi nyuma yangu, niligeuka haraka na uso wangu wa kawaida. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu yeye ndiye aliyeleta chai.

"Hiyo ina tangawizi?" nikamuuliza.

Aliweka kikombe juu ya nguzo, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa chini ya uso wangu. Mguu wa kushoto ulikunjika vizuri kabisa.

"Sifuri hadi kumi?" akauliza.

"Moja," nikasema.

Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi. Akanyoosha mkono akaniondolea ndoo mapajani, akasema, "Mwongo. Nenda ukavae viatu vya kutokea."

Nilikaa. Nilisikiliza kwanza kama kuna mtu anapita njiani.

"Nane," nikamwambia. "Lakini usimwambie mtu."